Divai ya mabibo imekataa kung'aa: tafuta chanzo kabla ya kumimina jelatini

Divai ya mabibo (matunda ya mkorosho) iliyotulia hupitisha mwanga. Ukiimimina kwenye glasi isiyo na rangi na kuweka gazeti nyuma yake, unasoma herufi ndogo bila shida. Divai iliyomaliza wiki sita tangu iache kutoa mapovu, ikahamishwa mara mbili kwenda dumu lingine ili mashapo yaachwe chini, na bado inafanana na maji ya kuoshea mchele, ina tatizo ambalo muda peke yake hautalimaliza.

Kuanzia Newala na Tandahimba hadi Nachingwea, dawa inayokimbiliwa ni moja: jelatini. Ni dawa nzuri, na kwa mabibo ndiyo ya kwanza kufikiriwa, kwa sababu bibo lina tanini nyingi, ile inayokausha ulimi na kukwaruza koo. Lakini jelatini hushika aina fulani tu za chembe: tanini, na kwa kiasi fulani hamira. Ukiimimina kwenye divai ambayo ukungu wake ni wa wanga au pektini (ute unaoshikanisha nyama ya tunda), haipati cha kuzama nacho. Inabaki ikielea na kuwa ukungu wa pili juu ya ule wa kwanza, na huu wa pili ni mgumu kuliko ule uliokuwepo. Kwa hiyo hapa vipimo vinatangulia, dawa zinafuata.

Haya hayahusu uraka (pombe ya mabibo) wa kunywa leo leo, komoni, wala pombe ya mtama. Hivyo hunywewa na uzito wake, na kuvizamishia mashapo ni kuvitoa chakula. Anayetengeneza juisi ya mabibo isiyo na kilevi anaweza kutumia sehemu za uji wa muhogo na jelatini. Kwa Waislamu, jelatini iwe ya ng'ombe au samaki yenye alama ya halali, maana nyingi hutokana na nguruwe.

Dalili: mapovu madogo bado yanapanda, na ukungu hubadilika asubuhi na mchana

Hii haijamaliza kuchachuka, au imemaliza lakini imebeba gesi. Kila povu linalopanda hubeba hamira kutoka chini. Pwani yetu huongeza shida: msimu wa mabibo huangukia miezi ya joto, na dumu lililokaa chumba chenye bati bila dari hupata moto mchana na kupoa usiku. Divai ikipata moto, gesi hutoka na mashapo huinuka tena.

Kipimo: jaza chupa ya nusu lita, iweke kwenye friji siku mbili bila kuigusa. Ikiacha utando wa rangi ya krimu chini na juu pakang'aa, ni hamira. Hamira ya mkate, ambayo ndiyo inayopatikana madukani, huwa na tabia hii: huzama taratibu, mashapo yake hayashikani, na dumu likitikiswa kidogo yanarudi juu.

Usitie dawa yoyote kabla hidromita, kile kipimo kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, haijasoma chini ya 1.000 na kubaki palepale siku tatu mfululizo. Kisha toa gesi: koroga dakika tano, asubuhi na jioni, siku mbili, kwa mwiko uliochemshwa. Baada ya hapo weka dumu ndani ya beseni kubwa la maji na barafu, lifunike kwa gunia lililolowa, ongeza barafu kila inapoyeyuka kwa siku tatu. Hamisha kwa mpira mwembamba, dumu lenye divai likiwa juu ya meza na la kupokea likiwa sakafuni, mdomo wa mpira ukae vidole vitatu juu ya mashapo. Madumu mengi yanaponea hapa, bila kuhitaji dawa yoyote.

Dalili: imetulia kabisa, haina gesi, ukungu ni ule ule juu na chini, na ukionja kinywa kinakauka

Hii ni tanini, na hapa ndipo pa jelatini. Kinachoshinda wengi ni kipimo. Bibo jekundu na la njano, la mwanzo wa msimu na la mwisho, lililokamuliwa kwa mkono na lililosagwa kwenye blenda, hayalingani kwa tanini. Kiasi cha mtu mwingine hakikusaidii. Fanya kipimo cha glasi.

Chukua gramu 1 ya jelatini isiyo na ladha, rangi wala sukari. Unga wa jeli ya watoto haufai. Mizani ya kawaida ya jikoni haioni gramu 1 sawasawa, kwa hiyo kama huna mizani ndogo ya aina ya sonara, pima gramu 5 utumie nusu lita ya maji. Kwa gramu 1, nyunyiza juu ya mililita 100 za maji baridi, iache dakika 20 ivimbe. Kisha weka chombo ndani ya sufuria yenye maji ya moto na ukoroge mpaka iyeyuke yote. Joto lifike nyuzi 60 hadi 70, lisichemke: jelatini iliyochemshwa hukatikakatika na kupoteza nguvu ya kushika. Tumia siku hiyo hiyo.

Panga glasi tano zinazofanana, kila moja mililita 100 za divai. Ya kwanza iache ilivyo. Kwa bomba jipya la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, tia nusu mililita kwenye ya pili, 1 kwenye ya tatu, 2 kwenye ya nne, 4 kwenye ya tano. Koroga kila moja, funika, weka kwenye friji usiku mzima. Kila mililita 1 hapa ni sawa na gramu 0.1 kwa lita.

Asubuhi chagua glasi yenye kiasi *kidogo kabisa* kilichong'arisha. Usivutiwe na ile iliyong'aa kuliko zote ikiwa imetumia mara mbili ya jirani yake. Ionje pia: ukali upungue, lakini usiishe, kwa sababu divai isiyo na tanini hata kidogo huwa bapa na haikai. Kwa dumu la lita 20, kila mililita 1 ya kwenye glasi ni mililita 200 za mchanganyiko wako, yaani gramu 2 za jelatini. Kama hata glasi ya mililita 4 haikubadilika, acha. Ukungu wako si wa tanini. Nenda kwenye vipimo vya chini.

Namna ya kutia ina uzito kama kipimo chenyewe. Hamisha nusu ya divai kwenye ndoo safi ya plastiki ya chakula, mimina jelatini ya vuguvugu kwa mkondo mwembamba huku mtu mwingine akikoroga kwa kasi, kisha ongeza nusu iliyobaki na kukoroga dakika tatu. Ikimiminwa kwa mkupuo ndani ya divai baridi isiyokorogwa, huganda kwa nyuzi nyuzi na kuzama peke yake, na divai inabaki ilivyokuwa. Rudisha kwenye beseni la barafu. Jelatini hufanya kazi vizuri penye ubaridi. Kwenye nyuzi 30 za mchana wa Mtwara mashapo yake huwa mepesi na hayatuami. Siku tatu hadi saba zinatosha. Hamisha mara yanaposhikana, usiyaache zaidi ya wiki mbili.

Asiyepata jelatini atumie ute mweupe wa yai moja bichi la leo kwa lita 20, uliochanganywa na chembe ya chumvi na nusu glasi ya maji bila kutoa povu. Unashika tanini taratibu zaidi na hausumbui ladha. Mwambie anayekunywa, kwa ajili ya wenye mzio wa mayai.

Dalili: ilikuwa na ukungu kidogo, umetia jelatini, sasa ni mbaya zaidi

Jelatini imezidi. Hakikisha kwa chai: chemsha chai ya rangi nzito sana bila sukari, ichuje, ipoe. Tia kijiko kimoja cha chai hiyo kwenye nusu glasi ya divai. Tanini ya majani itaikamata jelatini iliyobaki. Ukungu ukizidi ndani ya dakika chache, jibu umepata. Usiongeze jelatini nyingine. Dawa ni bentonaiti.

Bentonaiti, na ukungu wa protini

Bentonaiti ni udongo laini wenye chaji hasi, na protini ndani ya divai ina chaji chanya. Vinavutana na kuzama pamoja. Kwa sababu jelatini nayo ni protini, bentonaiti huondoa pia ile iliyozidi. Kwa hali ya hewa ya kwetu ina faida nyingine: haihitaji ubaridi, na kwenye joto la chumba hufanya kazi vizuri zaidi.

Dalili ya ukungu wa protini ni divai iliyong'aa dumuni lakini ikapauka baada ya kusafirishwa juani au kukaa kwenye duka lenye joto. Ipime kabla ya kuweka chupani: chupa ndogo ya divai inayong'aa, izamishe kwenye maji ya nyuzi 80 kwa saa mbili, ipoze kabisa, kisha itazame mbele ya taa. Ikipauka, ina protini.

Nunua bentonaiti ya chakula tu. Mkoa wenye visima vya gesi na wachimbaji wengi wa visima vya maji hauishiwi mifuko ya bentonaiti, lakini ile ya kuchimbia huchanganywa na kemikali zisizo za kunywa. Hata ukipewa bure, iache.

Nyunyiza gramu 50 juu ya lita 1 ya maji ya moto, kidogo kidogo huku ukikoroga, unga juu ya maji na si maji juu ya unga, la sivyo inafunga mabonge. Iache saa 24 ivimbe. Tumia maji ya mvua au ya chupa: visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi huizuia kuvimba. Kwenye glasi za mililita 100 jaribu nusu mililita, 1 na 2, ambazo ni gramu 0.25, 0.5 na 1 kwa lita. Kwa dumu la lita 20, gramu 0.5 kwa lita ni mililita 200 za tope hilo. Koroga vizuri, rudia kukoroga baada ya saa nne, kisha iache wiki moja. Mashapo yake ni mengi na laini, na utapoteza divai kidogo nayo.

Ukihitaji zote mbili, jelatini itangulie, uhamishe, bentonaiti ifuate. Ukigeuza mpangilio, jelatini itakayozidi haitakuwa na wa kuiondoa.

Dalili: dawa zote mbili hazikufua dafu

Sasa shuku wanga au pektini. Tone moja la tinkcha ya iodini kwenye kijiko cha divai ndani ya kisahani cheupe: ikigeuka bluu au nyeusi, ni wanga. Wanga hauna chaji ya kuvutwa na jelatini wala bentonaiti, ndiyo maana haukugusika.

Mara nyingi unatokana na njia yenyewe ya kusafishia juisi. Wengi hupunguza tanini kabla ya kuchachusha kwa uji wa muhogo au wa mchele, na ni njia nzuri: gramu 5 za wanga wa muhogo kwa kila lita ya juisi, ukorogwe kwa maji baridi, upikwe uji mwepesi mpaka upoteze weupe, upoe, uchanganywe na juisi, utuame saa 12. Shida huja pale juisi inapoachwa saa 12 kwenye joto. Inaanza kuchachuka, mapovu yanainua wanga, na wote unaingia kwenye divai. Utuamishie kwenye friji au barafu, kisha nyonya juisi iliyo juu kwa mpira. Usiimimine kwa kuinamisha ndoo.

Wanga ukishaingia kwenye divai hauna dawa rahisi. Amilesi ya watengeneza pombe, kimeng'enya kinachokata wanga, kwa kipimo cha kwenye pakiti, huukata ndani ya wiki kadhaa. Maji ya kimea cha ulezi yana kimeng'enya hicho hicho, lakini pia yana bakteria wa kuchachua. Yatumie kwenye juisi tu, kwa nyuzi 60 saa nzima, kisha uichemshe. Usiyatie kwenye divai iliyokamilika.

Iodini ikibaki na rangi yake ya kahawia, pima pektini: kijiko kimoja cha divai na vijiko vinne vya spiriti ya kusafishia vidonda ndani ya chupa ndogo, tikisa, acha nusu saa. Nyuzi au madonge ya utelezi ni pektini. Mwaga sampuli hiyo mbali na watoto. Spiriti hiyo ni sumu. Chanzo huwa ni kuchemsha mabibo pamoja na nyama yake, au kuyasaga mpaka yawe rojo. Dawa ni pektinasi, kimeng'enya kinachokata pektini, kwa kipimo cha kwenye pakiti, siku tatu hadi tano, na joto la kwetu huisaidia. Usiitie pamoja na bentonaiti, kwa kuwa udongo huo huzamisha kimeng'enya chenyewe. Utomvu wa papai bichi, unaosifiwa sana, hukata protini. Kwa pektini hauna kazi.

Dalili: rangi imegeuka kijivu au nyeusi

Chuma kimekutana na tanini. Angalia mashine ya kukamulia iliyopata kutu, kisu, sufuria ya chuma, na mfuniko uliochubuka. Nusu gramu ya asidi ya limau kwa lita hurudisha rangi kwa kiasi, kama chuma si kingi. Ndoo za bati zisitumike kabisa kwa juisi chachu, na aluminiamu isitumike kuhifadhia. Plastiki ya chakula, kioo au chuma kisichoshika kutu vinatosha.

Ukiona utando wa mafuta juu na koo linaungua, mafuta ya ganda la korosho yameingia. Mafuta hayo huunguza ngozi, na dumu hilo ni la kumwaga. Korosho itolewe kwa kuizungusha kwa mkono, ganda lisikatwe wala kupondwa.

Dalili: ukizungusha glasi, ukungu unatembea kwa mistari inayometa, harufu ni ya siki, au divai inavutika

Ni bakteria. Hakuna dawa ya kuzamisha itakayoirudisha. Ikiwa ni siki safi isiyo na utelezi, ifunike kwa kitambaa na uiache iwe siki ya achari. Inayovutika imwagwe, na mpira na madumu vioshwe kwa maji ya moto, kisha kwa maji baridi yenye jiki, halafu visuuzwe mara nyingi. Kuipika iwe gongo si njia: ni kosa kisheria na ni hatari.

Chanzo huanzia shambani. Korosho zetu huokotwa chini zikishaanguka, na bibo lililoanguka limepondeka na limeanza kuoza saa hiyo hiyo. La divai lichumwe mtini likiwa limeiva, lioshwe vizuri kuondoa vumbi na salfa inayopuliziwa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga (mabaki ya salfa huipa divai harufu ya yai viza), likamuliwe siku hiyo hiyo. Gramu 1 ya potasiamu metabisulfaiti kwa lita 10 za juisi, saa 24 kabla ya kutia hamira, huzuia wengi wa bakteria hawa. Wenye pumu waambiwe. TARI Naliendele (kituo cha utafiti wa kilimo, Mtwara) na ofisi za SIDO (shirika la viwanda vidogo) ni mahali pazuri pa kuulizia vifaa na mafunzo ya kusindika mabibo.

Vitu visivyofaa

Shabu husafisha maji ya bwawa kwa sababu maji hayo hayana uchachu mwingi. Ndani ya divai chachu haifungi mabonge. Aluminiamu yake inayeyuka na kubaki humo, unainywa. Mbegu za mlonge nazo ni za maji yenye tope, na chembe zake huoza ndani ya dumu. Mabondo ya samaki yaliyokaushwa hutumika kung'arisha bia nchi za baridi, lakini mchanganyiko wake huharibika ukipita nyuzi 20 na kitu, kwa hiyo huku haufai bila friji.

Dalili: inang'aa mezani, inapauka kwenye friji, ikipata joto inang'aa tena

Tanini na protini hushikana kwenye baridi na kuachana kwenye joto. Haina madhara. Anayetaka kuuza divai ya baridi aiweke kwenye nyuzi 2 hadi 4 kwa wiki moja, aihamishe ikiwa bado baridi hivyo hivyo, kisha arudie kipimo cha nyuzi 80 kabla ya kufunga chupa. Ikipita vipimo vyote viwili, ijazwe mpaka sentimita 2 chini ya kizibo na ikae mahali penye giza. Kuuza kunahitaji leseni na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa hiyo andika kila kipimo cha glasi na tarehe yake kwenye daftari la dumu hilo.